Swali la Kumi na Nne

Kanisa letu halina kabila. Ninalitanguliza hili kwa sababu ndilo jambo la kwanza tunalomwambia kila mgeni, hata kabla hajauliza, na hata kama amekuja tu kutafuta kivuli cha kuegesha pikipiki yake. Linaitwa Kanisa la Meza Moja, liko mtaa wa Manika hapa Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, na mwaka huu limetimiza miaka sitini. Historia yake niliiandika mimi, Symphorien Nawej, mwalimu mstaafu na katibu wa kanisa. Ni kitabu cha kurasa arobaini, chenye maswali ishirini na majibu ishirini, na anayetaka kupokewa Mezani lazima ayajue yote kwa kichwa. Nimekifundisha kwa miaka ishirini na sita. Sikuwahi kupata mwanafunzi aliyeijua historia hiyo kuliko mimi, mpaka alipokuja Mama Kabedi.

Historia yenyewe ni tamu. Mwaka wa 1964, wafanyakazi wa mgodi walisali kila kundi kivyake: Walunda kwao, Wasanga kwao, Waluba wa Katanga kwao, Wakasai kwao, na Wachokwe wachache nyuma ya ukuta wa stoo. Mvua za mwezi wa tatu zikang'oa mapaa yote isipokuwa la banda moja. Ndani ya banda hilo mlikuwa na meza ndefu ya watu ishirini, iliyotengenezwa kwa mbao za masanduku yaliyoleta mashine. Wakaketi pamoja, wakamega mkate, wakaweka kanuni tatu ambazo hadi leo zimeandikwa juu ya mlango: Mungu hana kabila. Meza ni moja. Kabila huachwa mlangoni, pamoja na mabuti. Maana walikuwa wakitoka kazini na tope, na mabuti yalibaki nje kwenye benchi.

Kanuni hizo tumezishika kwa ukali. Nyimbo zetu ni za Kiswahili tu, kwa kuwa kila lugha nyingine inaleta kabila. Kifaransa tunakiruhusu kwa sababu hakuna hapa anayedai kuwa ni cha babu yake. Mtu akimuuliza mwenzake ndani ya kanisa "Kwenu ni wapi?" anafagia ua juma zima. Mimi katika kitabu nilikwenda mbali zaidi. Niliwaondolea waasisi makabila yao, na kwa kuwa huku kwetu jina la mtu linatangaza alikotoka, nikaondoa na majina. Swali la tano linauliza: Nani alitengeneza Meza? Jibu: Watu wa makabila yote, kwa mikono yao wenyewe.

Darasa lina viti kumi na tisa. Cha ishirini ni cha mwalimu. Siku ya mtihani maswali yote huandikwa kwenye vikaratasi, hukunjwa, hutiwa katika beseni ya enameli, na kila mwanafunzi anatoa kimoja na kukijibu mbele ya watu. Anayejibu kama kitabu anapokewa Mezani. Anayeshindwa anangoja mwaka mwingine. Kikaratasi cha mwisho ni cha mwalimu mwenyewe, kwa maana mbele ya Meza hakuna mkubwa. Desturi hiyo ya mwisho niliipendekeza mimi, mwaka wa 2001, ili watu wauone unyenyekevu wangu.

Mama Kabedi aliingia darasani mwezi wa kumi. Ana miaka sabini na saba, moyo wake unamsumbua, na anakaa kwa binti yake Mujinga anayeuza vitambaa sokoni. Alikuwa ameketi Mezani tangu akiwa bibi harusi wa miaka kumi na saba, lakini utaratibu wetu unasema asiyefika Mezani mwaka mzima anafutwa, na akirudi anaanza upya kama mtoto. Yeye hakuwa amefika kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilimuuliza, kama ninavyowauliza wote, kwa nini anataka kupokewa.

"Nataka kula ku ile Meza kabla nikufe, Tata Mwalimu," akasema. "Bwana yangu Beya njo aliitengeneza. Mi njo nilikuwa namushikia mbao."

"Kitabu kinasema ilitengenezwa na watu wa makabila yote, Mama."

"Eh. Alikuwa na mikono mbili tu, lakini alitumika sana."

Wanafunzi wakacheka. Mimi nilichekea mdomoni tu, maana nilikuwa nimemtambua tangu mlangoni. Yeye hakuonyesha kama amenitambua. Aliniita Tata, yaani Baba, kama wanavyoniita wote, akaketi kiti cha mbele, akafungua kitabu changu kwa heshima zote. Kwa miezi mitano sikulala vizuri siku za Jumatatu, kwa sababu darasa ni Jumanne.

Alikariri vizuri kuliko wote. Sadrack, kijana mchimbaji aliyetoka Kindu kufuata kobalti, alikuwa akimwomba amsaidie. Tulipofika somo la kumi na nne, nikasoma kwa sauti kama miaka yote: Katika taabu za mwaka wa 1993, kanisa lilifanya nini? Jibu: Kanisa liliombea amani ya watu wote, bila kubagua kabila. Darasa likarudia. Mama Kabedi hakurudia. Akanyanyua mkono.

"Tata Mwalimu, balikuwa banaombea wapi?"

"Ndani ya kanisa, Mama."

"Na mulango ilikuwa wazi ao ilikuwa ya kufunga?"

"Kitabu hakisemi."

"Basi," akasema, akifunga chake, "mi nitangoya kitabu iseme."

Sadrack akauliza taabu hizo zilikuwa gani, maana alikuwa hajazaliwa. Nikamwambia twende somo la kumi na tano.

Nitaeleza hapa nilichomnyima Sadrack. Mwaka ule Wakasai walifukuzwa mjini. Walikuwa wamezaliwa hapa, wazazi wao waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, lakini ghafla ikasemwa warudi kwao. Vijana walizunguka barabarani wakichoma na kuchukua nyumba zao, nao wakaenda kungojea treni stesheni, na treni ilikuja ilipotaka. Walikaa huko siku nyingi, chini ya turubai na mabati, mvua za mwezi wa tatu zikiwanyeshea. Watoto walianza kufa. Siku moja, saa kumi alasiri, fundi Beya alikuja kanisani na watu kama thelathini waliotota hadi mifupa. Mkewe Kabedi alikuwa nyuma yake, godoro kichwani. Mimi ndiye niliyetunza ufunguo.

Beya aliniomba niwafungulie walale ndani hadi treni ije. Nikamjibu jibu ambalo kwa miaka mingi nililiona la hekima. Nilimwambia kwamba ndani ya kanisa hili hamna Wakasai. Kama angekuja kama muumini mmoja, sawa, lakini kuwafungulia watu kwa sababu ni Wakasai kungekuwa kuingiza kabila katika nyumba ya Mungu, kinyume cha kanuni ya tatu. Beya aliyatazama maandishi juu ya mlango. Alikuwa ameyachonga yeye. Aligeuka, wote wakageuka, na siku ya kumi na moja alifia stesheni kwa kifua. Niliambiwa baadaye.

Sasa ndipo anapoingia Pasteur Papy. Ni kijana wa suti nzuri, alizaliwa mwaka wa tisini na mbili, na historia ya kanisa aliijua kutoka kwangu, akapata alama zote. Kwa yubile ya miaka sitini alikuwa amealika wageni kutoka Ulaya, watu wa makanisa rafiki waliosikia kwamba Kolwezi kuna kanisa la makabila yote na wakataka kuyaona. Kwa hiyo Pasteur akapanga maandamano: kila kabila liingie na mavazi yake, na chakula chake kwenye sinia.

"Na kanuni ya tatu, Pasteur?" nikamuuliza.

"Tata Mwalimu, kabila haiingie. Ni manguo tu njo inaingia."

Akatoa orodha. Walunda tulikuwa nao, Wasanga, Waluba wa Katanga, Wachokwe, Wabemba, Wandembu. Pale penye Wakasai palikuwa peupe. Familia za Kasai zimejaa tena Kolwezi, wanasali makanisa mengine na wanaimba vizuri kutushinda, lakini kwetu hakuna aliyewahi kurudi. Sisi tulikuwa tukisema ni mapenzi ya Mungu.

"Lakini Mungu ametupa Mama Kabedi!" Pasteur alisema, macho yakimng'aa. "Atavaa manguo ya kwao, ataingia wa kwanza, atapewa na maua. Ila sherti apite kwanza mtihani."

Nikamweleza juu ya swali la kumi na nne. Sikumweleza yote. Nilimwambia tu kwamba mama huyu ana jibu lake mwenyewe, na mtihani ni Jumamosi, wageni wakiwa wamekwisha fika na kukaa safu ya mbele. Pasteur akajifuta jasho.

"Ile karatasi ya kumi na ine, tuitoe mu beseni," akasema kwa sauti ndogo. "Haiko dhambi. Ni kusaidia mama muzee."

Mimi nami nikakubali kwamba ni kumsaidia mama mzee. Jumamosi asubuhi nilikunja vikaratasi ishirini mbele ya mashemasi, kama desturi, nikavitia katika beseni, na nilipokuwa nikivichanganya nikakichukua kile nilichokuwa nimekitia alama kwa ukucha. Nikakisukumiza katika mfuko wa koti. Nilijisikia mwepesi. Tangu mwezi wa kumi sikuwa nimejisikia mwepesi namna ile.

Kanisa lilijaa. Wageni watano walikaa mbele, na Naomie wa kwaya, anayejua Kiingereza, alikaa kati yao kuwatafsiria. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, kama inavyonyesha kila mwezi wa tatu. Wanafunzi wakajibu mmoja baada ya mwingine. Sadrack alitoa swali la tano, nani alitengeneza Meza. Akamtazama Mama Kabedi, akasita, kisha akasema, "Batu ya makabila yote, kwa mikono yabo," na akaongeza chinichini, "mikono mbili." Wazee wa kanisa, ambao ndio waamuzi, wakampa alama.

Mama Kabedi alikuwa wa mwisho. Alivaa kitambaa cha kawaida cha buluu, akatembea polepole hadi kwenye beseni, akatoa kikaratasi, akampa Pasteur asome. Pasteur alifurahi alipokiona, maana kilikuwa chepesi.

"Swali la tatu. Ndani ya kanisa la Mungu, makabila ni mangapi?"

"Hakuna hata moja," Mama Kabedi akajibu. "Ndani ya hii kanisa hamuna Balunda, hamuna Basanga, hamuna Bakasai. Balituambia vile hapa ku mulango, na siye tulisikia muzuri."

Nusu yake ilikuwa ya kitabu, na nusu ilikuwa yangu. Kwa masikio ya wazee yote yalikuwa sawa. Wakapiga makofi, wageni nao wakapiga. Mama Kabedi amepokewa! Nikapumua, nikachukua leso kujifuta, na kabla sijamaliza shemasi akasimama mbele yangu na beseni.

Naapa sikuwa nimefikiri juu ya hilo. Desturi ni yangu, nimeifanya zaidi ya mara ishirini, na bado kichwa changu chote kilikuwa kwa Mama Kabedi hata nikasahau kwamba kikaratasi cha mwisho ni cha mwalimu. Nikaingiza mkono. Vidole vikagusa enameli, baridi na tupu. Nikavizungusha humo ndani kana kwamba vitazaa kitu.

"Basi, mtihani umekwisha, tusimame tuombe," Pasteur akasema haraka.

"Pasteur, ngoya," Mama Kabedi akasema. "Mwalimu angali hayayibu."

"Karatasi imekwisha, Mama. Pengine imeanguka."

Basi watu wote wakainama kutafuta. Mashemasi wakatambaa chini ya Meza. Wageni, walipotafsiriwa, wakanyanyua miguu yao kwa adabu ili tuangalie chini ya viti. Sadrack akasogeza mabenchi. Ni mimi peke yangu niliyebaki wima, mkono mfukoni, na Mama Kabedi, aliyekuwa akinitazama. Hakuwa na hasira usoni. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

"Nilikuwa nahesabu," akasema taratibu. "Yote ilitoka, isipokuwa ya kumi na ine. Tata Mwalimu, angalia mu mufuko. Na ile siku ilikuwa mu mufuko."

Nikatoa mkono. Kikaratasi kilikuwa kimelowa jasho. Pasteur alinitolea macho na kutikisa kichwa, yaani, sema la kitabu tukale. Nikakifungua, nikalisoma swali, nikaanza jibu kwa sauti yangu ya darasani: "Katika nyakati zile, kanisa liliombea amani ya watu wote..."

Nikashindwa kuendelea. Niliona haya. Nimeandika vitu vingi maishani mwangu na sikuwahi kuonea haya sentensi kama nilivyoionea ile.

"Hapana," nikasema. "Ile haiko kweli. Hatukuombea kitu. Mvula ilikuwa inanyesha, Tata Beya akakuya na batu makumi tatu, akaniomba funguo. Ilikuwa hapa mu mufuko. Nikamwambia mu kanisa hamuna Bakasai. Tata Beya njo alitengeneza hii Meza, yeye peke, na hii mulango. Nikamufungia mulango yake. Kanuni ya tatu niliikumbuka kisha. Kwanza niliogopa. Niliogopa bale bijana ba mu barabara batanichoma na mi. Ni mi njo nilikuwa na funguo. Na ni mi njo niliandika kitabu."

Maji yalitiririka kwenye mabati. Mkubwa wa wageni akamwinamia Naomie amweleze. Niliuona mdomo wake ukicheza kidogo tu, na mgeni akaitikia kwa kichwa na kutabasamu. Baadaye nilimuuliza Naomie alimwambia nini. "Nilimwambia kanisa iliombea amani," akasema. "Ningefanya nini, Tata Mwalimu? Njo kitabu inasema."

Wazee walitoka kushauriana. Walikuwa saba, na wanne kati yao walikuwepo mwaka ule. Walirudi baada ya robo saa. Hakuna aliyesema nimedanganya, na hakuna aliyesema nimesema kweli. Walisema jibu langu halimo katika kitabu. Mwandishi wa kitabu ameshindwa kitabu chake, hivyo haruhusiwi Mezani mpaka arudie darasa, na nafasi yake katika yubile atakaa mgeni.

Jumapili makabila yakapita yakiwa manguo, ngoma zikilia. Pasteur alikuwa amempelekea Mama Kabedi mavazi ya Kikasai ya kuazima, yakarudi yamekunjwa vizuri. "Pasteur," alimwambia mlangoni, nami nilisikia kwa sababu nilikuwa nimekaa hapohapo kwenye benchi la mabuti, "jana niliyibu mbele ya batu yote na mulinipa alama. Hamuna Bakasai humu. Sasa leo munamutafuta wapi?" Akaingia na kitambaa chake cha buluu. Sinia ya Kasai ikapita mikononi mwa Naomie, ambaye ni Mlunda.

Aliketi Mezani mahali alipokuwa akiketi zamani, karibu na kona. Kutoka benchini nilimwona akipitisha kiganja juu ya mbao, polepole, mara mbili, kabla hajala. Mvua ikazidi, ikaanza kuingia ndani, na shemasi akaja mbio kufunga mlango. Mimi nilikuwa upande wa nje. Nikasogeza miguu ili asinibane.

"Muache wazi," sauti ya Mama Kabedi ikasema. Hakugeuka. Shemasi akamtazama Pasteur, Pasteur akawatazama wageni, na mlango ukabaki wazi. Tulilowa sote wa upande ule, na wageni wawili wakapata mafua.

Darasa halikuwa na mwalimu. Wazee walitafuta mtu anayeijua historia yote kwa kichwa, wakampata mmoja tu. Kwa hiyo sasa Jumanne mimi nakaa kiti cha mbele, kati ya muuza mkaa na msichana wa saluni, na Mama Kabedi ananifundisha kitabu changu. Ukurasa wa somo la kumi na nne ameukata kwa wembe, vitabu vyote. Wazee walimuuliza ataweka nini mahali pake. Akasema bado anasikiliza.

Kila Jumanne, kabla ya somo, ananisimamisha na kuniuliza. Namjibu yote mbele ya darasa, kuanzia mvua, na godoro kichwani mwake, na jina la Beya, mpaka ufunguo. Nilidhani mara ya pili itakuwa rahisi kuliko ya kwanza. Haikuwa. Yeye husikiliza amefumba macho, mikono juu ya Meza, na nikimaliza huyafumbua.

"Nimesikia, Tata Symphorien," anasema. "Juma yenye inakuya, utaniambia tena."